Kambi ya Anastasia: pa kuegesha RV ukienda St. Augustine

St. Augustine, Florida, ni mji wa Wahispania wa tangu 1565, na mitaa yake ya zamani ilijengwa kwa watu wa miguu na mikokoteni. RV, yaani gari lenye nyumba ndani, ya futi 30 ikiingia humo haina pa kugeukia, na maegesho ya ghorofa karibu na mji wa kale hayapitishi gari refu kwenda juu. Kwa hiyo anayekwenda na nyumba yake mgongoni aanze kwa kujiuliza gari litalala wapi, na yeye ataingiaje mjini bila hilo gari.

Jibu letu ni kambi ya Anastasia State Park, kwenye kisiwa kilicho ng'ambo ya maji, kama kilomita 3 kutoka Bridge of Lions, daraja linalokuingiza mjini. Ina viwanja 139, vyote vina umeme, maji ya bomba, meza na mahali pa kuwashia moto. Iko ndani ya msitu wa mialoni ya pwani, na bahari iko karibu. Kasoro yake kubwa ni moja: kiwanjani hakuna bomba la maji machafu. Unakwenda kumwaga kwenye kituo cha kambi. Kambi binafsi za eneo hilo nyingi zinalo bomba hilo, ila unalipa zaidi na unalala umebanwa na jirani. Kwa siku tatu nne tunachagua Anastasia bila kusita. Kwa wiki mbili na watoto wadogo wanne, hesabu inabadilika.

Kupata kiwanja ndiyo kazi yenyewe. Tangu Januari 2024, mkazi wa Florida anaweka nafasi miezi 11 kabla ya tarehe yake, na asiye mkazi miezi 10. Anayetoka Georgia au Texas anakuta wikendi nzuri zimeshachukuliwa mwezi mzima kabla hajafunguliwa mlango. Mfumo hufungua tarehe mpya saa 2 asubuhi, saa za mashariki ya Marekani, nawe uwe umeshaingia kwenye akaunti yako dakika chache kabla. Tafuta Jumapili hadi Alhamisi. Ukikosa, rudi kila asubuhi wiki mbili za mwisho, maana watu hughairi. Bei ya kiwanja ni dola 28 kwa usiku, kabla ya kodi na ada nyingine. Ikishindikana kabisa, Faver-Dykes State Park iko kusini, karibu na barabara kuu ya I-95. Ni ndogo na tulivu, lakini huko mjini huendi kwa baiskeli.

Kabla ya kulipa, soma urefu wa kiwanja. Usitazame picha tu. Viwanja havilingani, na vingi unaingia kwa kurudi nyuma kati ya miti. Pima gari lote, pamoja na ngazi ya nyuma, rafu ya baiskeli na ndoano ya kuvutia gari dogo. Matawi ya mialoni huinama chini, na kinachoumia kwanza ni kifuniko cha AC juu ya paa. Mtu mmoja asimame nyuma akitazama juu, si chini. Usukani ukikatwa, mkia wa RV hutoka nje upande wa pili, na hapo ndipo nguzo ya umeme hugongwa.

Njia ya kuingia usiiachie simu ikuchagulie. Ukiwa I-95, toka kwa njia ya kutokea namba 311, shika barabara ya 207 kuelekea mashariki, kisha kulia kwenye 312 inayovuka maji kwa daraja pana. Ukifika kisiwani kata kushoto kwenye A1A. Lango la hifadhi liko mkono wa kulia. Simu nyingi hutafuta njia fupi, na njia fupi inaweza kukupitisha katikati ya mji na juu ya Bridge of Lions, daraja la 1927 ambalo hufunguka kupisha mashua na kufunga foleni nyuma yako. Andika kimo cha gari lako kwa futi kwenye karatasi, ibandike mbele ya dereva, kwa sababu vibao vya huko havisemi mita. Hifadhi hufungwa jua likizama, hivyo ukiona utachelewa, piga simu mapema upewe namba za lango.

Umeme una hesabu yake. Plagi ya amp 30 kwa volti 120 inakupa wati 3,600 na si zaidi. AC moja inakula karibu 1,500, hita ya maji ya umeme karibu 1,400, maikrowevu zaidi ya 1,000. Washa vyote pamoja na swichi itaruka, mara nyingi saa ya chakula cha jioni joto likiwa kali. Dawa ni rahisi: hita ya maji iweke kwenye gesi, AC iachie umeme. Weka kifaa cha kuzuia umeme wa ghafla kati ya nguzo na waya wako, kwa sababu radi za alasiri za Juni hadi Septemba ni za kila mara. Kwenye bomba la maji funga kipunguza presha. Mabomba mengi ya RV yanapenda psi (kipimo cha presha) 40 hadi 60, na presha ikizidi, kiungo cha plastiki chini ya sinki ndicho hupasuka.

Sasa maji machafu, ambayo wanaokodi RV mara ya kwanza huyaogopa bure. Kuna matangi mawili: la choo, na la maji ya sinki na bafu. Familia ya watu wanne ikioga ndani, tangi la bafu linaweza kujaa kwa siku mbili, kwa hiyo oga kwenye mabafu ya kambi na yote mawili yatafika siku ya kuondoka. Usimwage tangi la choo likiwa robo. Maji yataondoka na uchafu utabaki umeganda. Lisubiri lifike theluthi mbili, au liongeze maji kwanza. Kituoni vaa glavu, funga mpira mpana wa maji machafu kwenye gari kwanza, kisha kwenye shimo, na uhakikishe umekaza pande zote. Fungua valvu ya choo, ngoja hadi sauti ya kumiminika ikatike, ifunge. Ndipo ufungue ya bafu, ili maji ya sabuni yausuuze mpira. Ukimaliza, tia lita 10 hadi 15 za maji safi na dawa kwenye tangi la choo. Mpira wa maji ya kunywa usiukaribishe hapo hata kidogo. Kila mmoja uwe na sanduku lake. Mwisho wa kukaa ni saa 7 mchana, na Jumapili kituo hupata foleni kuanzia saa 5, basi nenda mapema.

Jioni pasipo upepo, usubi hupita kwenye wavu wa kawaida wa mbu. Feni ndogo mlangoni husaidia kuliko dawa ya kupaka. Kitambaa cha kivuli ubavuni mwa RV kikunje kila unapoondoka, hata kama mbingu ni nyeupe. Mbwa anaruhusiwa kambini, ufukweni haruhusiwi. Msimu wa vimbunga ni Juni 1 hadi Novemba 30. Machi hadi Mei ndio wakati tunaoupendekeza.

Kwenda mjini, baiskeli inatosha, ila Bridge of Lions ivuke kwa njia ya waenda kwa miguu. Ngome ya Castillo de San Marcos hufunguliwa saa 3 asubuhi. Uwe pale saa hiyo, kabla joto halijashika. Tiketi ya mtu mzima ni dola 15 na inatumika siku 7, kwa hiyo usijilazimishe kumaliza yote asubuhi moja. Walio chini ya miaka 16 hawalipi. Sogea hadi ukutani utazame jiwe lenyewe, kokwina: ni kombe ndogo ndogo zilizogandana kama kashata, na baadhi bado unaziona nzima. Ujenzi ulianza 1672, na mawe yalichimbwa kisiwa hichohicho cha Anastasia. Machimbo ya zamani yako ndani ya hifadhi uliyolala, yatazame kabla ya kwenda mjini. Waingereza walipoizingira ngome 1702 na 1740, mizinga haikuubomoa ukuta, kwa kuwa jiwe hilo hubonyea badala ya kupasuka. Aliyewahi kutembea Fort Jesus, Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593, atazitambua pembe nne zinazochomoza, na jiwe lililotoka baharini.

Tenga pia nusu siku kwa Fort Mose, kaskazini kidogo ya mji. Mwaka 1738 Wahispania walikubali hapo kijiji huru cha Waafrika waliotoroka utumwa kwenye makoloni ya Kiingereza, na kiongozi wa wapiganaji wake, Francisco Menéndez, alizaliwa Afrika Magharibi. Wageni wengi hupita bila kujua pako. Huko usiende kwa baiskeli ukitokea kambini. Ita teksi, au tumia gari dogo kama umelivuta nyuma.

Siku ya kuondoka, toka kwa daraja lilelile la 312. Kabla ya kuwasha injini zunguka gari mara moja: waya wa umeme, mpira wa maji, ngazi, antena, dirisha la paa. Dirisha la paa ndilo husahaulika, na tawi la kwanza la mwaloni hulikumbusha.