Seti ya kutengeneza kyphi nyumbani, mimi nimeikubali

Aisee hii seti iko vizuri, ni ile kyphi (uvumba wa kuchoma) ya Wamisri wa kale ambayo mapishi yake yamechongwa kwenye kuta za hekalu la Edfu, sasa unaitengeneza mwenyewe kwa mkono. Unaloweka zabibu kavu kwenye divai, unatwanga ubani na manemane kwenye kinu taratiiibu, unachanganya na asali afu unafinyanga vidonge. Hapo kwenye kutwanga ndo kichwa kinatulia kabisa yaani simu unaisahau, maana ukienda haraka manemane inanata kwenye mchi. Ila karatasi ya maelekezo haisemi vidonge vikauke muda gani, wairekebishe. Choma jioni kwenye chetezo kama makuhani wa Misri ya kale, kaa moja linatosha. Bei imechangamka kidogo lakini ubani wao ni original.