Mikanda miwili ya jeshi la Mjerumani kutoka duka moja: mmoja wa kweli, mwingine feki kabisa

Wadau habari zenu. Nimenunua mikanda miwili kwenye duka moja la mtandaoni hapa Ujerumani, wanauza vitu vya kijeshi vya zamani, jina silitaji. Mmoja ni wa vita ya kwanza, euro 150, mwingine wa vita ya pili, euro 165, yote ina bizimu lake, yaani kile chuma cha mbele. Kila mkanda ulikuja na karatasi nzuri imeandikwa cheti cha uhalisi, na muhuri wa nani? Wa duka lenyewe. Karatasi hiyo haina thamani hata ya kufungia karanga, aliyekuuzia ndiye huyo huyo kajitolea ushahidi.

Nianze na ule wa zamani maana ndio ulionifanya nifungue pochi. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekua nasimuliwa mapigano ya Novemba 1914, Waingereza walivyoshuka na meli na jeshi lao kutoka India wakarudishwa baharini, na askari wengi waliopigana upande wa Mjerumani walikuwa watu wetu. Sasa muuzaji kaandika kwenye maelezo kwamba mkanda umetoka "Deutsch-Ostafrika", yaani Afrika Mashariki ya Mjerumani, moyo ukaruka, nikalipa.

Ulipofika nikaugeuza. Jamani vitu hivi havisomwi mbele, vinasomwa nyuma. Mbele kuna taji na maneno GOTT MIT UNS, Mungu yu pamoja nasi, na watu wengi wakiyaona wanasema ah hiyo ya Hitler, hapana, Prussia, ufalme wa zamani wa Wajerumani, walikuwa nayo kwenye mkanda tangu 1847. Mwanzo mabizimu yalikuwa ya shaba ya njano, katikati limebandikwa duara la metali nyeupe, vita ilivyokolea shaba ikawa inatakiwa kwenye maganda ya risasi na ya mizinga, ndio kuanzia 1915 wakawa wanagonga bizimu zima kwa bati moja la chuma na kulipaka rangi ya kijivu ya magwanda yao. Hili langu ni hilo la chuma. Kwa nyuma lile taji unaliona limebonyea kuelekea mbele, kila mstari unaupapasa kwa kidole, kwa sababu bati lilikandamizwa na mashine mara moja. Rangi imebaki kwenye kona na chini ya kijiti cha miiba, kile cha nyuma kinachoshika ngozi, tu, pale ambapo ngozi ilikuwa inasugua imeisha, na ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Ngozi yenyewe ndiyo imenifurahisha zaidi. Nje nyeusi, ndani hudhurungi. Mwaka 1915 ilitoka amri mikanda na vifaa vya ngozi vya askari vipakwe weusi, kwa hiyo mkanda uliotengenezwa hudhurungi ukapakwa baadaye unaona kwenye ukingo weusi umenywea kidogo kidogo kama wino kwenye karatasi, haujakatika kwa mstari ulionyooka. Ndani kuna muhuri umegongwa, B.A.XI na chini yake 1915. B.A. ni Bekleidungsamt, ofisi ya mavazi ya jeshi, na XI ni kori ya 11, yaani kikosi kikubwa cha jeshi, ambayo makao yake yalikuwa Kassel. Na pale kulabu inaposhikia, ngozi imevutika, imeacha kidonda cha miaka mingi, hicho mtu hakitengenezi kwa wiki moja.

Kwa hiyo mkanda ni wa kweli ila hadithi ya Afrika Mashariki nimeikataa. Kassel 1915! Mwaka huo pwani yetu ilikuwa imezingirwa na manowari za Uingereza. Meli za Wajerumani zilizopenya kuleta mizigo ni mbili tu, Rubens iliyoingia ghuba ya Manza hapo jirani na Tanga Aprili 1915 ikapigwa mabomu na manowari Hyacinth, na Marie iliyofika Sudi kule Lindi Machi 1916. Ukitaka niamini mkanda umepita njia hiyo nipe barua, nipe picha, nipe jina la askari kwenye ngozi. Nikamwandikia muuzaji nikamuuliza ushahidi, akajibu kwamba aliyemuuzia "alisema hivyo". Basi. Nyumbani tunaijua hii biashara, watu wangapi wameuziwa rupia za Mjerumani zisizo rupia kwa sababu ya hadithi tamu ya hazina iliyofukiwa chini ya mbuyu.

Sasa huu wa pili. Wa jeshi la nchi kavu, tai na swastika, na GOTT MIT UNS hiyo hiyo juu. Maelezo yalisema chuma, 1940. Kwenye picha walikuwa wamebandika kikaratasi juu ya swastika, na hapo siwalaumu, kifungu cha 86a cha sheria ya jinai ya hapa kinakataza kuitangaza hadharani, na mimi mwenyewe alama hiyo siitundiki ukutani, ni alama ya mauaji, vitu hivi nimeviweka kwenye droo kwa ajili ya kusoma historia. Lakini jueni kwamba kikaratasi kile kinafunika sehemu ambayo feki inajionyesha mapema, makucha ya tai. Ombeni picha ya nyuma na ya ubavuni, hata wakifunika katikati, kingo na miiba mtaviona.

Nikaweka sumaku. Haikushika. Chuma gani hicho kisichoshika sumaku? Nikasema labda kakosea, labda ni alumini, maana ya mwanzoni kweli yalikuwa ya alumini, ila alumini ni nyepesi mkononi na hili lilikuwa zito kama kufuli. Nikageuza nyuma, hakuna tai aliyebonyea, pako bapa, pana chembechembe na vitundu vidogo vya hewa. Hilo limemiminwa kwenye kalibu, halikugongwa. Na ukimimina kwa kunakili bizimu la kweli, metali ikipoa inasinyaa, nakala inatoka ndogo kidogo na herufi zinavimba, ile G ya GOTT ilikuwa karibu izibe tumbo lake.

Usiku nikazima taa jikoni nikamulika na kile kitaa cha zambarau cha kukagulia noti. Uzi wa kile kiulimi cha ngozi chenye jina la kiwanda na mwaka ukawaka bluu kama shati jeupe disko. Uzi wa pamba wa 1940 hauwaki hivyo, huo ni wa kisasa. Kisha nikaangalia ngozi ya mkanda, umegongwa 1938 na pembeni yake namba ya RBNr, yaani namba ya kiwanda, ile inayoanza na sifuri na mikwaju (/). Namba hizo ni za katikati ya vita, walianza kuzitumia badala ya majina ya viwanda, sasa 1938 imezipata wapi? Aliyetengeneza kakusanya kila kitu alichoona kinapendeza akakigonga pamoja. Na harufu, ngozi ilinuka chai na kemikali, walikuwa wameiloweka izeeke.

Nilivyowaandikia walikuwa wakali mwanzo, wakanirudisha kwenye cheti chao. Nikawatumia picha ya sumaku na ya uzi, siku tatu kimya, halafu wakakubali nirudishe kwa gharama yangu. Hela ilirudi baada ya siku 19, nauli ya posta euro 8 imeniuma mimi. Duka nalipatia nyota mbili kati ya tano, zote mbili ni kwa ajili ya ule mkanda wa Kassel.

Mkitaka kuanza, anzeni na ya kawaida ya vita ya kwanza, bei inavumilika na feki ni chache. Ya SS, kile kikosi cha chama cha Hitler, msiguse, hayo ndiyo yanayoghushiwa kuliko yote kwa sababu ya bei. Na mkiona tai na maneno Einigkeit Recht Freiheit, hilo ni la jeshi la Ujerumani Magharibi baada ya 1955, kuna wajanja wanachukua ngozi ya aina hiyo wanaivalisha bizimu la vita.

Na ndugu zangu wa Tanga, Lindi, Songea, Tabora, kama kuna mkanda wa babu aliyekuwa askari umelala sandukuni, tafadhali msiupake kiwi wala mafuta, geuzeni ndani mpige picha ya muhuri kabla hamjampa mtu yeyote. Nitashukuru sana kuiona.