dh_installman: mwaka mmoja wa kufungasha kurasa za mwongozo

Nilidhani kupeleka faili moja ya mwongozo wa programu (ule unaofunguka kwa amri ya `man`) kwenye folda yake si kazi ya kutungiwa programu. Amri ya kunakili, `install -m 644`, ipo, inatosha. Kifurushi changu cha kwanza cha Debian (mfumo huria wa kuendesha kompyuta) nilikifunga hivyo na hakuna kilichoharibika. Cha pili kilikuwa na kurasa kumi na moja za mwongozo, na mistari ya kunakili ndani ya debian/rules, faili ya maelekezo ya ujenzi, ikaanza kunichanganya mwenyewe. Ndipo nikahamia dh_installman.

Imo ndani ya debhelper, ule mkusanyo wa amri alioanzisha Joey Hess mwaka 1997. Unaandika faili, kwa kifurushi changu cha hesabu ni debian/hesabu.manpages, kila mstari ukurasa mmoja. Ukijenga kwa dh, amri inayoziendesha hizo nyingine kwa zamu, dh_installman inaitwa bila kuambiwa. Inafungua ukurasa, inasoma namba ya sehemu kwenye mstari wa .TH, ule wa kichwa chake, kisha inaupeleka man1 (amri za kawaida), man8 (za msimamizi wa mfumo) au popote panapostahili. Herufi za mfumo wa zamani inazigeuza kuwa UTF-8, mfumo wa herufi wa siku hizi. Kubana kwa gzip ni kazi ya amri nyingine, dh_compress.

Sasa jasho lake. Programu yangu niliiita hesabu.pl kwa kuwa nimeiandika kwa Perl, na mwongozo wake hesabu.pl.1. Ujenzi ukaisha salama, nikasakinisha, nikaandika `man hesabu.pl`: hakuna kitu. Nikajenga upya mara tatu, maana binadamu ndivyo tulivyo. Mwishowe nikapitisha `dpkg -c`, inayoorodhesha yaliyomo kwenye kifurushi, na nikauona: ./usr/share/man/pl/man1/hesabu.1.gz. Hiyo pl ni Kipolandi! Amri iliona .pl kabla ya namba, ikaamini nimeleta tafsiri. Dawa ni `--language=C`, yaani usiuhesabu kuwa tafsiri, na imeandikwa kwenye mwongozo wa dh_installman wenyewe, ambao sikuwa nimeusoma. Baadaye nikakumbuka sera ya Debian haitaki programu zilizo kwenye PATH (folda ambamo mfumo hutafuta amri) zibebe .pl wala .sh, nikaikata hiyo .pl na tatizo likaondoka nayo.

Mara nyingine hesabu.1 ilitua man8. Nilikuwa nimenakili kichwa kutoka hesabud.8, mwongozo wangu mwingine, bila kubadili namba ndani. Kwa amri hii .TH ndiyo yenye neno. Mwisho wa jina la faili inauangalia tu pale .TH inapokosekana au imeharibika.

Ninalolilalamikia ni ukimya. Kwenye skrini inaandika jina lake ikapita, haisemi ukurasa gani umekwenda wapi. Mpaka uweke DH_VERBOSE=1 ndipo inafungua mdomo. Kwa upande mwingine, ukitaja faili isiyokuwepo inasimamisha ujenzi palepale, na hilo limeniokoa si mara moja.

Kile kile kilichonipeleka Poland ndicho ninachokipenda sasa. Nimeanza kutafsiri kurasa zangu. Nikaita faili hesabu.sw.1, nikaiongeza kwenye orodha, basi: ikatua usr/share/man/sw/man1 kwa jina la hesabu.1. Kwenye laptopu yenye lokali (mpangilio wa lugha na nchi) ya sw_TZ, `man hesabu` ikafunguka kwa Kiswahili, mstari wa kwanza kabisa MATUMIZI YA KAWAIDA, nikaisoma yote kana kwamba si mimi niliyeiandika.

Imebaki hesabud.8. Neno daemon, yaani programu inayofanya kazi chinichini, limenigomea: nikiandika pepo watanicheka, nikiandika mtumishi, sivyo kabisa.