Mpira wa maji moto kwa mtoto wa sikoseli: nimeutumia miezi 14

Nilinunua mpira huu Februari 2024, na tangu siku hiyo hakuna chombo nyumbani kwangu kilichofanya kazi ya usiku kuushinda. Nauzungumzia ule mfuko bapa wa mpira wenye shingo na kizibo cha kukaza, unaojazwa maji moto na kuwekwa palipouma. Naandika kwa sababu najua kuna mzazi mahali, pengine Manyatta, pengine Siaya au Busia, ambaye leo ataamshwa saa nane usiku na mtoto anayelia mguu, na atasimama katikati ya chumba asijue mikono yake aifanyie nini.

Mimi ni mshonaji, nina cherehani yangu karibu na soko la Kibuye, hapa Kisumu. Ni Mluhya wa Butere, mume wangu ni Mjaluo wa Ahero, na nyumbani tunaongea Kiswahili. Mtoto wetu ana miaka 4. Amepewa jina la mama mkwe wangu, kwa hiyo sote tunamwita Mama. Alipokuwa na miezi 9, viganja na nyayo zake zilivimba, ngozi ikawaka, akawa hataki kushikwa hata na mimi. Wengine walisema ni meno, wengine wakanong'ona chira, laana ya kuvunja mwiko. Tulipompima, karatasi ilirudi imeandikwa SS, yaani amerithi sikoseli kwa baba na kwa mama. Baadaye tukapimwa sisi: mimi AS, baba yake AS, yaani kila mmoja amebeba nusu tu, na hakuna kati yetu aliyewahi kuugua kwa ajili hiyo. Kila mimba yetu ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto wa SS. Kuna miezi tuliishi mimi na mume wangu kama watu wanaodaiana, kila mmoja akisubiri mwenzake akiri deni. Hilo sasa limekwisha, nashukuru.

Siku moja kliniki, sista alinichorea nyuma ya kadi: seli moja ya duara, nyingine imepinda kama mundu wa kukatia nyasi. Ndiyo maana vitabuni ugonjwa huu huitwa selimundu. Seli ya damu ya kawaida huishi siku kama 120, hizi zetu huishi siku 10 hadi 20, na zikishapinda hukwama kwenye mishipa midogo, damu haipiti, mfupa unalia. Akaniambia baridi hubana mishipa na joto huifungua, kwa hiyo mtoto huyu asiwekewe barafu kamwe, hata akianguka akavimba. Maneno hayo mawili, joto ndiyo, barafu hapana, ndiyo niliyotoka nayo siku ile.

Mwanzoni nilikuwa namkanda kwa kitambaa kilicholoweshwa maji moto, kama mama zetu walivyofanya. Kukanda kunasaidia, sisemi hakusaidii. Lakini kitambaa hupoa kabla hujahesabu hadi mia tatu, na kikishapoa ni kitambaa kibichi juu ya ngozi ya mtoto asiyetakiwa kupata baridi. Usiku mzima unakuwa mtu wa kukimbia jikoni na kurudi. Nikajaribu chupa ya soda ya plastiki. Maji moto yaliikunja ikajikunyata mkononi mwangu na kizibo kikalegea. Tafadhali msijaribu.

Mpira wangu wa kwanza niliuuziwa barabarani kwa shilingi 300. Ulikuwa mwepesi na unanuka vibaya, na mimi ninayeishi kwa kutazama mishono sikuutazama mshono wake. Wiki ya tatu, usiku, ulifunguka ubavuni. Bahati ilikuwa kwamba maji yalikuwa yameshapungua moto, hayakumchoma. Lakini godoro lililowa, nguo zikalowa, na kabla sijampata nguo kavu alikuwa anatetemeka. Asubuhi maumivu yalikuwa yamehama kutoka mguu mmoja hadi miguu yote miwili na mgongo. Tulilazwa siku nne. Siwezi kuapa kwamba ni yale maji yaliyotulaza, lakini nimeyabeba moyoni.

Huu wa pili niliununua kwenye duka la dawa kwa shilingi 950. Ni wa lita mbili. Shika pembeni pake ufinye: mpira mzito, ukingo mpana kama upindo ulioshonwa mara mbili, na hakuna mahali unapoona kuta zimekutana kwa nukta tu. Upande mmoja una mistari iliyoinuka, upande wa pili ni laini. Shingo yake ni pana kiasi cha kumimina bila kujimwagia. Ndani ya kizibo kuna kiduara cha mpira. Kikipasuka au kikipotea, mpira wote hauna maana tena, kwa hiyo kikague.

Na shingoni kuna ua. Sikulijua mpaka yule dada wa duka la dawa aliponionyesha. Ni ua dogo lililochongwa kwenye mpira wenyewe, lina vipande 12 kama petali, na katikati kuna tarakimu mbili. Zile tarakimu ni mwaka uliotengenezwa. Petali ni miezi, na vitone vilivyomo vinahesabu wiki. Vinapokomea ndipo ulipotoka kiwandani. Wangu una 23 katikati na vitone vinakoma petali ya nane, yaani Agosti 2023. Mpira huzeeka hata ukikaa kabatini, na ushauri ni kuubadilisha baada ya miaka miwili hivi. Sasa kila ninapouona dukani naulizia ua kwanza, bei baadaye. Kama hauna ua, naurudisha.

Jinsi ninavyoujaza: nachemsha maji kwenye meko, nazima, naacha birika likae dakika kadhaa wakati nampa dawa ya maumivu niliyoandikiwa na kikombe cha maji ya kunywa. Simimini maji yanayotokota, yanaweza kuchoma na yanauharibu mpira. Najaza theluthi mbili tu. Halafu naulaza mezani shingo ikiwa juu, naukandamiza polepole mpaka naona maji yanang'aa mdomoni, maana hewa ikibaki ndani mpira unajaa kama puto na haukai vizuri mwilini. Nakaza kizibo, naupindua juu ya karai, nahesabu kumi. Ndipo nauvalisha. Foronya yake nimeishona mwenyewe, taulo la zamani ndani, kitambaa cha fulana nje. Mwisho naubana dhidi ya sehemu ya ndani ya mkono wangu. Kama siwezi kuustahimili mimi, hauendi kwake.

Ukijazwa hivyo saa nane usiku, saa kumi na moja bado una uvuguvugu. Hilo ndilo nililolipia. Na stima zikipotea, kama zinavyopotea mvua za Aprili zikianza, hauna habari.

Jirani yangu aliniuliza, "Mama, na joto hili la Kisumu, mpira wa maji moto wa nini?" Ni kweli mchana hapa jua halina huruma. Lakini usiku wa mvua, upepo ukitoka ziwani, mwili wa mtoto huyu unajua kabla ya mabati kujua.

Sasa kuhusu yeye mwenyewe. Zamani akianza kuumwa alikuwa anajikunja na kuninyima uso wake. Nilikuwa namwomba aniambie ni wapi, hasemi. Mwezi wa pili wa mpira huu, alianza kuja nao. Anauvuta kutoka ndoano ya mlangoni, mtupu, anausukumia mkononi mwangu na kuniambia, "Mama, hapa," akionyesha goti. Anajua sasa kwamba maumivu yana mahali na mahali pana dawa yake. Na kuna jioni moja maumivu yalikuwa kiunoni. Nilipogeuka kutoka jikoni nilimkuta ameuweka mpira mgongoni, amechukua leso yangu, anahangaika kuifunga mbele ya kifua kama wanawake tunavyombeba mtoto. Leso ilikuwa inaburuta sakafuni. Nilipiga magoti nikamfungia. Akatembea nyumba nzima akiubembeleza, anauambia nyamaza, nyamaza. Yale ni maneno yangu, ndiyo nimwambiayo usiku. Mama mkwe alikuwepo. Alinitazama akasema tu, "Nyar Butere," yaani binti wa Butere kwa Kijaluo, kisha akanyamaza, na kwa miaka ile yote ya kuitwa hivyo sikuwahi kulisikia likiwa na uzito ule.

Mpira huu hautibu sikoseli. Anakunywa haidroksiyurea, dawa ya kupunguza maumivu yasirudi mara kwa mara, na foliki ya kusaidia mwili kutengeneza damu, kila siku, penisilini asubuhi na jioni mpaka afike miaka 5, na dawa ya kumkinga na malaria, kwa sababu malaria huku kwetu ndiyo adui wa watoto hawa. Mpira unakaa kando ya hayo yote. Na kuna usiku ambao haufai kabisa kuutoa ndoanoni. Kabla sijachemsha maji namwekea themomita kwapani. Ikifika nyuzi 38.5, hakuna mpira, hakuna kungoja asubuhi, tunaita tuktuk. Vilevile akipumua kwa shida, akilalamika kifua, akipauka ghafla, au nikipapasa chini ya mbavu za kushoto nikakuta bandama limevimba. Kitu kinachotuliza ni kizuri, lakini kinaweza kukuchelewesha, na mimi kuna usiku kilinichelewesha saa nzima kwa sababu alikuwa ametulia nikadhani amepona. Tangu hapo themomita na mpira vinaning'inia ndoano moja, na themomita iko mbele.

Usimwache alale juu yake. Akishapata dawa anakuwa mzito, ngozi inaungua polepole na yeye hasikii. Akisinzia nautoa, naliacha shuka lenye joto.

Kasoro zake nizitaje. Harufu ya mpira ilichukua kama wiki mbili kuisha. Niliusuuza mara kwa mara na kuuanika kivulini. Lita mbili ni nzito kwa mtoto mdogo, tumbo au goti lake halibebi uzito ule, kwa hiyo mara nyingi najaza nusu. Kuna wa lita moja, na kama ningeujua ningenunua huo. Na shilingi 950 si pesa ndogo, ni kushona sketi mbili za shule. Naupa nyota nne kati ya tano.

Kwa hesabu ya ua, muda wa huu wangu ni hadi Agosti 2025. Nimeshaanza kuweka akiba kidogo kidogo kwenye kopo la vifungo. Safari hii nachukua wa lita moja. Mama amesema anataka wa manjano, na foronya yake iwe na mfuko mdogo wa kuwekea kitambaa cha kumfutia mtoto machozi.