Uzoefu wangu na setInterval kwenye ubao wa safari za boti, Chake Chake

Kwa miezi minane sasa ninatunza ukurasa unaoonyesha safari za boti kati ya Mkoani na Unguja kwenye kompyuta ya mapokezi ya nyumba moja ya wageni hapa Chake Chake. Kusi ikivuma kwa nguvu saa za kuondoka hubadilika, na mgeni asiyepata habari mapema hufika bandarini akakuta boti imeshang'oa nanga. Kwa hiyo nilitaka ukurasa uulize seva wenyewe kila sekunde 30. Nilichagua setInterval, kipima muda cha kujirudia ambacho kila kivinjari humpa mwandishi wa JavaScript, lugha ya kuandikia programu za kurasa za wavuti.

Kukianzisha ni mstari mmoja tu: unakipa fanksheni (kipande cha programu) ya kuita na muda kwa milisekunde, kwangu 30000. Kinakurudishia namba ya kukisimamishia baadaye, nami namba ile sikuihifadhi. Kila mfanyakazi alipotoka sehemu ya boti ya ukurasa na kuirudia, kipima kipya kilianza huku cha zamani kikiendelea, hadi jioni seva ikawa inaulizwa jambo lile lile na vipima kadhaa kwa pamoja. Bibi mwenye nyumba aliniita akaniambia, "Mwanangu, bando nimetia Jumamosi, leo Jumatatu halipo. Nani analitumia?" Niliona haya kweli, kwa sababu fedha ilikuwa yake na kosa lilikuwa langu.

Sasa namba ile naiweka nje ya fanksheni, na kabla ya kuanzisha kipima chochote naita kwanza clearInterval, amri inayosimamisha kipima chenye namba hiyo, kisha naita tena sehemu inapofungwa. Kuita clearInterval kwa kipima kilichokwisha simama hakuleti kosa lolote, na jambo hili nalisifu sana, maana linakuruhusu kusimamisha bila kuhoji kwanza kama kuna cha kusimamisha.

Tatizo lililonisumbua zaidi lilikuwa jingine. setInterval haijali kama jibu la swali lililotangulia limeshafika. Mtandao ulipozorota usiku, maswali yalipandana, na mara nyingine jibu la zamani lilifika baada ya jipya likafuta saa sahihi ya boti. Kwa ubao ambao watu wanautegemea kusafiri, hilo silikubali hata kidogo. Nimehamia setTimeout, ambayo huita mara moja tu, na kila mzunguko hupanga unaofuata baada ya jibu kufika au kushindikana. Hapo pa kushindikana pasisahauliwe: mwanzoni nilipanga mzunguko unaofuata pale tu jibu lilipofaulu, na usiku mmoja mtandao ulipokatika mnyororo ulikufa kimya, ubao ukabaki na saa za jana mpaka asubuhi. Vilevile, sehemu ikifungwa wakati swali liko njiani, jibu likija litapanga mzunguko mwingine, kwa hiyo naweka alama ya kusimama na kuikagua kabla ya kupanga.

Kivinjari cha Chrome, tangu toleo la 88 la mwaka 2021, inaweza kuamsha vipima vya ukurasa uliofichika kwa zaidi ya dakika 5 mara moja tu kwa dakika. Mfanyakazi akifungua kichupo kingine, hesabu ya "zimebaki dakika ngapi" iliyotegemea idadi ya mizunguko huchelewa. Mimi naikokotoa kutoka saa ya kompyuta kila mara, na ukurasa ukionekana tena nauliza seva papo hapo.

setInterval sikuiacha kabisa. Inaendesha saa ndogo ya sekunde pembeni mwa ubao, kazi isiyohitaji mtandao, na hapo imenitosheleza. Bando la Jumamosi sasa linafika Jumamosi nyingine.