Kozi za uhasibu wa fedha mtandaoni: ipi inunuliwe kwanza, ipi iachwe

Kozi za uhasibu zimejaa mtandaoni, na karibu zote zinajinadi kwa mambo yaleyale: saa nyingi za video, maelfu ya wanafunzi, nyota tano. Hakuna hata moja kati ya hayo linalokuhakikishia kwamba ukimaliza utaweza kuwekewa urari (orodha ya masalio ya akaunti zote) mbele yako ukatoka na taarifa za fedha zinazosimama. Orodha hii nimeipanga kwa swali moja tu: nani atasahihisha kazi yako, na ukikosea atakuonyesha ulipopotea?

Swali hilo lina uzito kwa sababu makosa ya uhasibu hayapigi kelele. Chukua mfano mdogo kabisa. Mashine imefanyiwa matengenezo ya kawaida, nawe gharama ile umeidebiti (umeiandika upande wa kushoto) kwenye akaunti ya mashine badala ya akaunti ya matengenezo. Zote mbili ni debiti, kwa hiyo urari unalingana, na mizania (taarifa ya mali, madeni na mtaji) nayo inalingana. Lakini faida imepanda isivyo halali, mali imevimba, na uchakavu wa miaka inayofuata umeharibika. Mtu anayetazama video peke yake atafunga kompyuta akiwa na furaha, kumbe amekosea. Msahihishaji ndiye anayeliona kosa la namna hiyo, na ndiye anayepaswa kulipiwa.

Viwango vipi?

Kabla ya kulinganisha bei, jua kozi inafundisha viwango vya nani. Nchi nyingi duniani zinafuata viwango vya kimataifa, IFRS, vinavyotungwa na bodi iitwayo IASB. Marekani ina vyake, US GAAP, vinavyotungwa na bodi ya FASB tangu 1973. Kozi nyingi zenye majina makubwa zimetengenezwa Marekani, na ukurasa wa mauzo mara nyingi haulisemi jambo hilo waziwazi.

Tofauti zenyewe si za kupuuza. Chini ya GAAP unaweza kuthamini bidhaa za ghalani kwa LIFO, yaani zilizoingia mwisho zihesabiwe kuwa zimetoka kwanza. IAS 2, mojawapo ya viwango vya kimataifa (vile vya zamani huitwa IAS), inaikataza njia hiyo moja kwa moja. IAS 16 inakuruhusu kuthamini upya ardhi na majengo, GAAP hairuhusu. Gharama za kuendeleza bidhaa mpya zikitimiza masharti ya IAS 38 zinakuwa mali, ilhali Marekani kwa kawaida zinaingia kwenye gharama mara moja. Fungua orodha ya mada. Ukikuta LIFO inafundishwa kama njia ya kawaida, basi hiyo ni kozi ya Marekani. Si kozi mbaya, lakini kama mtihani wako ni wa IFRS, itakufundisha mambo utakayolazimika kuyasahau.

Somo la kuonja

Karibu kila muuzaji hutoa somo moja au mawili bure. Wengi hutazama la utangulizi, ambalo halisemi lolote, kwa sababu mfumo wa maingizo mawili ni uleule tangu Luca Pacioli alipouchapisha Venice mwaka 1494. Katika misingi hiyo kozi ya zamani haina ubaya. Viwango ndivyo vinavyobadilika, kwa hiyo tafuta somo la mikataba ya ukodishaji.

Tuseme kampuni imekodi gari kwa miaka 3, inalipa 1,000 kila mwisho wa mwaka, na riba ni asilimia 10. Chini ya IFRS 16, iliyoanza kutumika 1 Januari 2019, kampuni hiyo inaandika deni la 2,487, ambayo ni thamani ya leo ya malipo yote matatu, na upande wa pili inaandika mali ya haki ya kutumia kwa kiasi hichohicho. Mwaka wa kwanza uchakavu ni 829 na riba ni 249. Jumla 1,078. Deni linabaki 1,736. Mwalimu akikuandikia "kodi ya mwaka, 1,000" akaendelea mbele bila kueleza kwamba njia hiyo imebaki kwa mikataba mifupi na vitu vya thamani ndogo, somo lake ni la enzi za IAS 17, kiwango kilichotangulia. Hata likiwa na nyota ngapi, liache.

Ulizia pia IFRS 18. Ilitolewa Aprili 2024, inachukua nafasi ya IAS 1 kwa vipindi vya hesabu vinavyoanza 1 Januari 2027 au baadaye, na inapanga upya taarifa ya faida na hasara: mapato na gharama yanagawanywa katika makundi ya uendeshaji, uwekezaji na ufadhili, na faida ya uendeshaji inakuwa jumla ya lazima. Muuzaji makini atakujibu kwa sentensi mbili ameliweka wapi katika masomo yake na lini litaanza kutahiniwa. Akikwepa swali, hilo nalo ni jibu.

Namba 1: Darasa lenye mkufunzi na kazi zinazosahihishwa

Kwa anayefanya mtihani wa bodi ya wahasibu kama ACCA ya Uingereza, hili ndilo la kununua hela ikiruhusu. Tazama mtihani wa FR (Financial Reporting, utayarishaji wa taarifa za fedha) wa ACCA ulivyo: saa 3, alama 100, kufaulu ni 50. Maswali 15 ya kuchagua yana alama 30, visa vitatu vya maswali mafupi vina alama 30, na maswali mawili marefu yana alama 20 kila moja. Alama hizo 40 za mwisho unaziandika mwenyewe, kwenye lahajedwali na kwenye ukurasa wa maandishi, na anayezisahihisha ni binadamu. Kozi ambayo mazoezi yake yote ni ya kubofya jibu sahihi inakuandaa kwa alama 60. Hizo nyingine utakutana nazo siku ya mtihani.

Hapo ndipo msahihishaji mzuri anapoonekana. Katika hesabu za kundi la kampuni, ukikosea thamani ya mali za kampuni tanzu siku iliponunuliwa, gudwili (ziada iliyolipwa juu ya thamani ya mali hizo) itakosewa, na sehemu ya wanahisa wachache inaweza kukosewa nayo. Kompyuta itaona namba ya mwisho si yenyewe na kukupa sifuri. Msahihishaji anayeijua kazi yake atafuata namba yako mwenyewe hatua kwa hatua, atakupa alama pale ulipoitumia kwa njia sahihi, kisha atazungushia mstari uliokupoteza. Ukirudishiwa karatasi ya namna hiyo mara mbili tatu, unajijua udhaifu wako ulipo.

Kwa hiyo kabla hujalipa uliza: mitihani ya majaribio mingapi inasahihishwa na mtu? Inarudi baada ya siku ngapi? Naomba kuona mfano wa karatasi iliyosahihishwa, jina likiwa limefutwa. ACCA ina orodha ya vyuo ilivyoviidhinisha, vikipangwa kwa ngazi kama Gold na Platinum. Anza kutafuta humo. Ubaya wa njia hii ni gharama, na ratiba isiyosubiri mtu.

Anayefanya CPA, mtihani wa leseni ya uhasibu wa Marekani, ana hali tofauti kidogo. Sehemu ya FAR, ya uhasibu wa fedha, ni saa 4, kufaulu ni 75, na alama zimegawanywa nusu kwa nusu kati ya maswali ya kuchagua na kazi za vitendo, zote zinasahihishwa na kompyuta. Kwake yeye namba 2 hapa chini inapanda kuwa namba 1.

Namba 2: Vitabu vya mtihani, benki ya maswali na nidhamu

Kaplan na BPP wanachapa vitabu vilivyoidhinishwa na ACCA, cha masomo na cha maswali. Ukilazimika kununua kimoja, nunua cha maswali. Mihadhara na muhtasari wa masomo utavipata bure OpenTuition, na jukwaa la mazoezi la ACCA lenyewe linakupa mitihani kwenye skrini kama ile ya siku yenyewe. Kuandika mizania kwa kalamu na kuiandika kwenye lahajedwali iliyofungwa ndani ya kivinjari ni kazi mbili tofauti, na watu wanapoteza dakika za thamani kwa kutozoea.

Angalia toleo. Mwaka wa mitihani wa ACCA unaanza Septemba hadi Agosti, kwa hiyo kitabu cha bei nafuu cha misimu mitatu iliyopita kinaweza kuwa na viwango vilivyokwisha kubadilishwa. Kwa FA, ngazi ya mwanzo, hilo halisumbui sana. Kwa FR linasumbua.

Njia hii ina tundu moja, nalo ni kujisahihisha. Mtu akisoma jibu la kitabu hujiambia "hata mimi nilikuwa nimekaribia hapo," akajipa alama ambazo mtahini asingempa. Kwa sababu hiyo ninashauri ujisomee, halafu utenge fedha ya mtihani mmoja wa majaribio unaosahihishwa na mtu wa nje. Vyuo vingi vinauza huduma hiyo peke yake, na kwa mwenye bajeti ndogo sijui matumizi bora kuliko hayo.

Namba 3: Kozi fupi za vyuo vikuu

Je, huhitaji kuwa mhasibu? Una biashara, unaongoza idara, unachambua mikopo, unataka tu kuelewa kwa nini kampuni yenye faida inaweza kuishiwa fedha za kulipa mishahara? Basi namba 1 na 2 zitakuchosha bure. Utangulizi wa uhasibu wa fedha wa Wharton kwenye Coursera unaeleweka vizuri, na kozi ya Harvard Business School Online inafundisha kwa visa vya biashara. Zote ni za Marekani, kwa hiyo kumbuka niliyosema kuhusu viwango. Cheti chake kinaonyesha umesoma, hakikupi sifa ya kitaaluma wala haki ya kutia saini hesabu za mtu. Na pale unapolipa kwa mwezi, uvivu una bei: tenga muda kwanza ndipo ujiunge.

Namba 4: Vya bure

OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice, inatoa vitabu vya uhasibu bure, na juzuu la kwanza ndilo la uhasibu wa fedha. Viwango vya IFRS vyenyewe unaweza kuvisoma kwenye tovuti ya Wakfu wa IFRS baada ya kujisajili bila malipo. Vimeshuka hadi hapa kwa sababu hakuna anayekusahihisha. Kwa mpangilio wa muda, hata hivyo, ndivyo vya kuanza navyo kabla hujatoa hata senti.

Namba 5: Video za kulipia mara moja

Zinafaa kuziba pengo moja, mathalani taarifa ya mtiririko wa fedha iliyokushinda darasani. Ahadi ya "kuitumia maisha yako yote" haina faida kama mwalimu hairekebishi viwango vinapobadilika. Tazama tarehe ya marekebisho ya mwisho.

Wanaouza "cheti cha kimataifa cha uhasibu" kwa wikendi moja sikuwapa namba.

Bei isiyoandikwa kwenye tangazo

Ada ya kozi si ada ya mtihani. Kwa ACCA kuna kujisajili, ada ya uanachama ya kila mwaka, na ada ya kila mtihani, zote juu ya kile ulichomlipa mwalimu. "Dhamana ya kufaulu" mara nyingi humaanisha utarudia kozi bure, na ada ya mtihani wa marudio unaibeba mwenyewe. FR hufanyika Machi, Juni, Septemba na Desemba, kwa hiyo hakikisha muda wa kufungua masomo unavuka tarehe ya mtihani wako, usije ukafungiwa mlango wiki ya marudio.

Na usinunue kozi ya FR kabla hujajipima. Tafuta urari wowote wenye marekebisho matano: bidhaa za mwisho wa mwaka, uchakavu, gharama zilizolipwa kabla, gharama ambazo hazijalipwa, na wadaiwa wasiolipika. Tengeneza taarifa ya faida na hasara na mizania bila kuchungulia jibu. Ikikushinda, mwezi mmoja na vitabu vya bure utakusaidia kuliko darasa lolote la gharama. Ikitoka sawa, nenda moja kwa moja namba 1 na uanze kuwauliza yale maswali ya usahihishaji.