Mchoro wa binti yangu haukuharibika: uzoefu wangu na siku ya sanaa na sayansi Arusha

Mtoto anapofanya jaribio na kupata matokeo ambayo mwezeshaji hakuyatarajia, hajaharibu kitu chochote. Ninaanza na jambo hili kwa sababu ndilo nililoshindwa kumwelewesha dada mmoja katika kituo cha watoto hapa Arusha mjini, ambako tulikwenda Jumamosi moja ya kipindi hiki cha baridi kwa ajili ya siku ya familia inayounganisha sanaa na sayansi. Kituo chenyewe sitakitaja. Walio na watoto wadogo katika mji huu watakitambua, na wasiokitambua hawatapungukiwa na kitu kwa sasa.

Lazima niseme kwamba asubuhi ilikwenda vizuri sana. Kijana aliyeongoza kipindi cha kwanza aliwagawia watoto vipande vya karatasi ya kuchujia, akawaambia wachore mstari kwa kalamu nyeusi ya wino wa maji, kisha wachovye ncha ya karatasi kwenye maji na kusubiri. Maji yalipopanda na kuupita mstari, weusi ule ukaanza kuachana: bluu ikakimbia mbele, waridi ikafuata, njano ikabaki nyuma. Aliwaeleza kwamba wino mweusi ni mchanganyiko wa rangi kadhaa, na kwamba rangi inayoyeyuka kwa urahisi katika maji husafiri mbali zaidi kuliko ile inayong'ang'ania karatasi. Kutoka hapo akawapeleka kwa maneno hadi Kondoa, mkoani Dodoma, kwenye michoro ya mapangoni iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, akaonyesha kwamba wekundu wake unatokana na udongo wenye madini ya chuma, ndugu wa kutu tunayoiona kwenye mabati ya nyumba zetu. Mtoto mmoja akauliza kwa nini michoro ya Tingatinga haichuji ikimwagikiwa maji. Kijana hakumkwepa. Alimwambia kwamba Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya kupakia baiskeli, juu ya hadibodi, na mafuta hayakubali kuyeyuka katika maji. Nilikaa nyuma ya darasa nikiwa na furaha ambayo sijaipata katika shughuli yoyote ya watoto mwishoni mwa wiki, kwa kuwa kwa kawaida tunachouziwa ni bembea, kupakwa rangi usoni na sahani ya chipsi.

Mchana alikuja mwezeshaji mwingine. Kila mtoto alipewa maji mazito ya rozela, ambayo wengine huiita choya, kipande cha ndimu na kikombe cha maji ya magadi. Ubaoni ulibandikwa mchoro wa Mlima Meru uliokwisha kuandaliwa: anga ya waridi palipopakwa ndimu, na mlima wa kijani palipopakwa magadi. Ni zoezi zuri mno kwa mji huu. Magadi ni yale yale ya kulainishia makande, na Ziwa Natron, lenye magadi mengi kuliko tunavyoweza kuyatumia, limo ndani ya mkoa wetu. Rangi ya rozela nayo hubadilika kufuatana na kinachoigusa: kwenye uchachu wa ndimu huwa nyekundu, kwenye magadi hugeuka bluu na kijani. Hayo yote dada huyu hakuyasema. Alisema tu, "Fuateni sampuli, msichafue meza."

Binti yangu, ambaye yuko darasa la tatu, aliufuata mchoro wa ubaoni mpaka mlima ukawa wa kijani. Kisha akautazama, akachukua ndimu na kuikamulia juu ya kijani kile kile. Povu likatoka, na mlima ukaanza kurudi kuwa wa waridi mbele ya macho yake. Akapiga kelele: "Anti, njoo uone, imerudi!"

Mtu yeyote anayefundisha watoto sayansi angesimamisha darasa zima hapo. Uchachu wa ndimu ulikuwa umeyamaliza nguvu magadi, hewa ya kaboni dayoksaidi ikatoka kama povu, na rozela, kwa kuwa haikuharibiwa na magadi bali ilibadilishwa tu, ikarudia rangi yake ya kwanza. Somo lote la mchana ule lilikuwa pale, na aliyelifikia ni mtoto ambaye hakuelekezwa na mtu. Dada alikuja, akautazama mchoro na kusema, "Umeshaharibu. Nani amekwambia uweke ndimu huko? Wapi umeona mlima wa pinki?" (Anayeishi chini ya Meru na kuutazama jioni isiyo na mawingu anajua kwamba swali hilo lina jibu.) Akaichukua karatasi ya binti yangu, akabandua ile sampuli ubaoni na kumpa aishike, kwa sababu mpiga picha alikuwa ameshafika na watoto walitakiwa wapange mstari.

Nilimfuata pembeni. "Dada yangu," nilimwambia, "huo alioushika si mchoro wake." Akanijibu bila kunitazama, "Mama, sisi tuna ratiba. Wazazi wengine wote wameridhika." Nilipoomba nirudishiwe karatasi ya mwanangu nikaambiwa ningoje. Nilingoja hadi watoto walipoanza kutawanyika, ndipo nikaiona imelowa, ikiwa imetumika kufutia rozela iliyomwagika mezani. Binti yangu naye aliiona. Hakulia. Aliniuliza kama ni kweli aliiharibu, na swali hilo ndilo linaloniwasha hadi leo, kwa sababu saa chache kabla yake kijana wa asubuhi alikuwa amemfundisha kwamba rangi inaulizwa inatoka wapi na inakwenda wapi, na mchana akafundishwa kwamba mwenye kuuliza anaharibu.

Nilikusudia kuandika kwamba msiende kabisa. Baada ya siku kadhaa nikaona hukumu hiyo inamdhulumu kijana yule, anayefanya kazi ambayo sijaona ikifanyika vizuri namna ile kwingine hapa mjini. Makumbusho yetu ya Elimu Viumbe pale kwenye Boma la Mjerumani yana mengi ya kumwonyesha mtoto, lakini kuonyeshwa si sawa na kupewa kikombe na ndimu na kuachwa ujaribu. Kwa hiyo nikawa nimelainika, na nilikuwa karibu kuandika kwamba kasoro ni ya mtu mmoja, kituo ni kizuri.

Kisha ukaja ujumbe wao kwenye kundi la wazazi. Ndani yake mlikuwa na picha ya binti yangu akiwa ameshika mchoro usio wake, na chini yake wameandika kwamba huyu ni mwanasayansi mdogo akiwa na kazi ya mikono yake. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba dada yule hakuwa amekosea maagizo, alikuwa ameyatimiza. Kituo kilihitaji milima inayofanana mikononi mwa watoto wanaotabasamu, na mtoto aliyegundua kitu akawa kikwazo. Nimeomba picha hiyo iondolewe na imeondolewa. Maelezo sijapewa.

Kwa wazazi watakaouliza, nasema hivi: kipindi cha asubuhi kinastahili kila shilingi, mradi muulize kwanza kama ni kijana yule anayekiongoza. Kipindi cha mchana msikilipie. Sisi tukirudi, tutakuwa tumeshaondoka kabla mpiga picha hajafika. Fedha ya mchana nimeidai kwa maandishi, na hadi ninapoandika haya bado sijajibiwa.